Baiskeli Lushoto na Usambara Magharibi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila inapokaribia Pasaka na likizo ya Desemba napigiwa simu zilezile. Baiskeli yangu itaweza? Barabara ikoje siku hizi? Nishukie wapi kwenye basi? Nimeona afadhali niyaandike majibu mara moja, mtu asome kabla hajafunga mzigo. Nawaomba radhi mapema kwa jambo moja nitakalolirudia mpaka lichoshe: barabara ya Mombo hadi Lushoto ipande kwanza kwa nguvu zako mwenyewe, ndipo uishuke.

Lushoto iko wapi, na ina nini cha kumvuta mtu wa baiskeli?

Ni mji mdogo mkoani Tanga, juu ya Milima ya Usambara Magharibi, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Enzi za Wajerumani uliitwa Wilhelmstal. Mji umekaa ndani ya bonde, umezungukwa na vilima pande zote, kwa hiyo hakuna barabara inayotoka pale bila kupanda au kushuka. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inapita chini kabisa, Mombo, ambako joto ni la kweli. Kati ya Mombo na Lushoto kuna kilomita 33 hivi za lami. Ndani ya kilomita hizo unaacha mkonge na mikwaju, unaingia kwenye migomba, unakutana na kabichi na viazi, na mwisho unavaa sweta chini ya mikaratusi. Kwa gari ni saa moja na kidogo, na nusu ya hiyo unasinzia. Kwa baiskeli unakipata kila kitu kwa harufu yake.

Mimi ni mgeni kabisa. Nianze na njia ipi?

Mombo, Soni, Lushoto. Anza na hiyo, nyingine zote zisubiri. Wengi wanapanda basi mpaka Lushoto, wanalala, halafu asubuhi wanaanza kwa kushuka kwa sababu kushuka ni rahisi. Nawaelewa, hata mimi nilifanya hivyo. Usifanye. Shukia Mombo, lala Mombo, uanze kupanda alfajiri. Sababu nimeieleza chini, kwenye swali la kupanda kabla ya kushuka.

Huo mlima ni mgumu kiasi gani?

Kwa hesabu ya darasani sio mkali. Mombo iko chini ya mita 500, Lushoto iko mita 1,400. Gawanya kwa kilomita 33 utapata mpando wa mita 3 hivi kwa kila mita 100. Tatizo ni kwamba barabara haijagawa mpando huo sawasawa. Sehemu kubwa imewekwa kati ya Mombo na Soni, ambayo ni karibu nusu ya njia. Ukitoka njia panda ya Mombo unapita nyumba na maduka, na kabla misuli haijapata moto mlima umeshaanza. Kuanzia hapo unakata kona baada ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja, upande wa pili korongo. Mto unausikia muda mrefu kabla hujauona. Kuna mahali unageuza shingo unaona bonde lote la Mombo limelala chini, mashamba yamepangwa kama mkeka, na barabara uliyopita inaonekana kama uzi ulioanguka.

Ushauri wangu juu ya mwendo ni huu. Barabara hii ina watu: wazee wanaota jua, akina mama na vikapu, watoto wa shule. Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kumwamkia mzee "shikamoo" na kuimalizia bila kukata pumzi. Ukiona salamu inatoka nusu, unaenda kasi. Punguza gia, tulia. Nimeona vijana wenye miguu mizuri wakichomoka Mombo kama mshale, na nikawakuta kilomita ya kumi wameinamia usukani, chupa za maji zimekauka.

Soni inakuja kama zawadi. Kuna maporomoko ya maji kando ya barabara, kuna soko, kuna chai. Kaa dakika 20, kula kitu. Kutoka Soni mpaka Lushoto barabara inapanda lakini kwa ustaarabu, na vipande vya kushuka vipo. Unapita mashamba ya mboga na mabonde yenye vijito, unapita Ubiri, halafu nyumba zinaanza kusogeleana na umefika. Mimi mwenyewe, sio mwanariadha, na kamzigo kadogo nyuma, hutumia saa tatu na nusu pamoja na chai ya Soni. Anayefanya mazoezi atatumia pungufu sana. Anayetumia saa tano hajakosea kitu.

Baiskeli ya resi yenye matairi membamba inafaa?

Kwa Mombo–Lushoto inafaa kabisa. Ila lami ya mlimani ina viraka, na mvua huacha changarawe kwenye kona, kwa hiyo tairi la milimita 28 ni bora kuliko la 23, na la 32 ni bora zaidi. Ukitaka kwenda Irente, Mtae au Bumbuli, tairi jembamba liache nyumbani. Huko ni udongo mwekundu, mawe, na makorongo yaliyochimbwa na maji katikati ya njia.

Muhimu kuliko tairi ni gia. Mbele uwe na duara dogo, nyuma uwe na kubwa, ili mguu uzunguke bila kusukumana na pedeli. Magoti mengi yameharibika kwa ubishi wa kupanda na gia nzito.

Na mwenye Phoenix isiyo na gia?

Karibu sana. Utapanda vipande na vipande utasukuma, kama wenyeji wanavyofanya wakiwa na gunia kwenye kariya. Kusukuma hapa hakuna aibu. Hakikisha tu breki zote mbili zinakamata, maana za fito zikilegea, kushuka nazo ni hatari.

Niondoke Mombo saa ngapi?

Saa 12 asubuhi uwe juu ya tandiko. Ikifika saa 4 Mombo inachoma, na sehemu ngumu ya mlima ndiyo iliyo chini, kwenye joto. Ukiwahi, unapita hapo kukiwa na kivuli cha mlima na upepo. Jioni usijipe moyo. Ndani ya korongo giza linaingia mapema kuliko kwenye tambarare, na taa ya simu haitoshi.

Kwa nini unasisitiza kupanda kabla ya kushuka?

Mara yangu ya kwanza nilifika Lushoto kwa basi, usiku. Asubuhi nikanunua maji, nikaanza kushuka nikiwa na furaha ya mtu aliyepewa lifti. Kutoka Soni kwenda chini nikashika breki, na sikuziachia. Kila kona ilikuwa mpya kwangu, sikujua inakunja kiasi gani, kwa hiyo niliogopa kuachia. Mahali fulani barabara ilipobana kwenye mwamba nikasikia upepo unatoka gurudumu la mbele, pole pole, kama mtu anayepuliza chai. Nikasimama kwa miguu. Kiraka nilichobandika wiki ile kilikuwa kimeachia. Nikashika rimu nianze kutoa tairi, nikaunguza vidole viwili, malengelenge yakatoka palepale. Mama mmoja alikuwa anapanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alisimama, akanitazama, akasema, "Pole mwanangu. Breki zako zanuka huku chini kote." Ni kweli, mpira ulikuwa unanuka kuungua, ila mimi nilikuwa natangulia mbele ya harufu yangu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho kila dereva wa Fuso anakijua. Breki inaugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo lazima liende mahali. Kwenye breki za kubana rimu linaingia kwenye rimu, likitoka hapo linaingia kwenye tyubu, na gundi ya kiraka inalainika. Kwenye breki za diski linaingia kwenye pedi na sahani, na ukizikandamiza mfululizo zinaanza kuteleza badala ya kukamata. Dawa sio kushika polepole muda wote. Dawa ni kuachia, baiskeli iende, ukae wima kifua kipigwe na upepo, kisha kabla ya kona ushike breki zote mbili kwa nguvu kwa muda mfupi, uachie, ndipo uikate kona. Ndani ya kona usiguse breki ya mbele kama kuna mchanga. Kila kilomita chache simama, tazama bonde, acha rimu ipoe.

Sasa, utaijuaje kona kabla hujaifikia? Kwa kuwa uliipanda. Ukipanda kwa kasi ya kilomita 8 kwa saa unaona kila kitu: kona hii ina mchanga, hapa maji yanavuka barabara na kuna utelezi wa kijani, hapa kuna shule, hapa magari hupaki kupakia mboga, hapa mtelemko unadanganya. Miguu inakumbuka. Siku ya kushuka unakuwa unarudi njia ya nyumbani.

Vipi magari? Ni salama?

Kuna mabasi, Costa, bodaboda, na malori ya mboga. Alasiri na jioni malori hujaza kabichi, karoti na viazi kwa ajili ya masoko ya Dar es Salaam na Tanga, yanashuka yakiwa mazito. Asubuhi barabara ni tulivu zaidi, sababu nyingine ya kuwahi.

Endesha kushoto, lakini usijibane kabisa ukingoni ambako lami imemeguka. Acha nusu mita ya kuponea. Honi ya mlimani mara nyingi ni taarifa, "nipo nyuma yako", wala haina matusi. Inua mkono kuonyesha umesikia. Kwenye kona isiyoonekana mbele usilipite gari lililosimama. Jihadhari sana na baadhi ya bodaboda wanaozima injini wakishuka ili kuokoa mafuta. Hao huwasikii kabisa, unashtukia kivuli.

Vaa kofia ngumu na nguo ya rangi kali. Ukungu ukishuka, washa taa ya nyuma hata kama ni saa 5 asubuhi.

Irente ni mbali? Baiskeli inafika?

Kilomita 6 hivi kutoka mjini, njia ya udongo inayopanda taratibu kati ya nyumba na migomba. Nenda siku uliyopumzika, alasiri, wakati jua limelala. Njia inaishia kwenye jabali na ardhi inakatika. Chini, karibu kilomita nzima ya hewa tupu, kuna Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyochorwa kwa rula, barabara kuu ambayo magari yake ni kama siafu, reli, kisha nyika ya Wamaasai inayoendelea mpaka macho yachoke. Shikilia baiskeli yako, usiiegemeze karibu na ukingo. Upepo wa pale unapanda kutoka chini na una nguvu.

Njiani kuna shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, wanakouza jibini, jemu na mkate mweusi wa rai, nafaka inayofanana na ngano. Kwa aliyetoka kupanda mlima, mkate ule na jibini ni mlo kamili. Beba fedha taslimu.

Na upande wa Magamba?

Ndiyo njia ninayoipenda kwa asubuhi fupi. Unatoka mjini kuelekea kaskazini, unapanda moja kwa moja, na ndani ya kilomita chache hewa inabadilika. Msitu wa hifadhi ya mazingira asilia Magamba uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na vilele vyake vinapita mita 2,200. Ukisimama na kunyamaza, usikilize. Mbega weusi wenye mabega meupe wanaruka juu ya matawi, na hondohondo wakipita mabawa yao yanavuma kama mtu anayepepeta mchele. Mimi husimamisha baiskeli kila ninapowasikia, hata kama nimechelewa.

Ukitaka kuingia njia za ndani ya msitu, unalipia kiingilio na kuongozana na mtu. Usipitishe baiskeli kwa wizi. Njia zile ni nyembamba na udongo wake ukishachanwa na tairi siku ya mvua, maji yanamalizia kazi.

Nasikia watu wanakwenda mpaka Mtae. Inawezekana kwa siku moja?

Kwenda, ndiyo, kwa mwenye mazoezi. Ni kilomita 60 hivi kutoka Lushoto, unapita Magamba, Lukozi na Sunga, na baada ya Magamba tarajia vumbi au matope kulingana na msimu. Lami inaongezwa vipande vipande, lakini panga safari yako kama vile haipo. Njia haiendi juu tu wala chini tu. Inapanda, inashuka, inapanda tena, na jioni miguu inakudai kwa kila bonde.

Kwenda na kurudi siku hiyohiyo simshauri mtu. Lala kule. Mtae imejengwa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, na kuna mahali unasimama barabarani ukaona miteremko miwili, kulia na kushoto kwako. Asubuhi kukiwa kweupe unaona nyika ya Mkomazi na Milima ya Upare, na siku yenye bahati Kilimanjaro inatokeza juu ya mawingu. Ukifika jioni umechoka na kurudi palepale, utakuwa umeifuata Mtae ukaiacha bila kuiona.

Mlalo ni ya karibu zaidi, kilomita 30 hivi. Inakaa kwenye bonde pana, na nyumba zake za zamani za ghorofa moja zenye baraza za mbao juu zinafaa kusimamiwa. Wamisionari wa Kilutheri walifika hapo mwaka 1891.

Kuna nini upande wa Soni mbali na maporomoko?

Kuna mengi, na wapanda baiskeli wengi wanapapita. Kutoka Soni kuna njia ya kwenda Bumbuli, sehemu kubwa ya udongo, inapita kwenye mashamba ya chai na migomba. Kuna mlima mdogo uitwao Kwa Mungu, unaacha baiskeli kwa mwenyeji na kupanda kwa miguu, vipepeo ni wengi. Kuna misheni ya Wabenediktini ya Sakharani, wenye bustani na mvinyo wao. Na kuna Vuga.

Vuga nataka niisemee kidogo. Palikuwa ndipo makao ya wafalme wa Usambara, ukoo wa Wakilindi, ambao asili yao wanaitaja kwa Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu akapendwa na Washambaa kwa kuwagawia nyama ya nguruwe pori waliokuwa wakiharibu mashamba. Katika karne ya 19 Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka hapo, na amri yake ilifika mpaka karibu na pwani. Ukiwa unasukuma baiskeli kwenye vilima vile, fikiria wajumbe waliokimbia njia hizohizo kwa miguu kupeleka ujumbe wa mfalme. Ardhi ni ileile. Mimi hunisaidia kuacha kulalamika.

Napenda tambarare. Kuna njia bondeni?

Ipo barabara kuu kutoka Mombo kupita Mkumbara na Mazinde, chini ya ukuta wa mlima. Mandhari ni kubwa, milima imesimama kulia kwako kama kanzu iliyotundikwa. Lakini ni barabara ya mabasi ya mikoani, yanakwenda kasi, na simtumi mtu huko kwa starehe. Ukilazimika, pita asubuhi sana, na ukiona basi mbili zinapishana mbele yako, toka nje ya lami bila kusubiri. Vijinjia vya mashambani pembeni ya reli ya Tanga, ambayo ilifika Mombo mwaka 1905, ni bora, ila uliza kwanza. Mashamba ya mkonge yana wenyewe.

Msimu gani ni mzuri?

Juni mpaka Septemba njia ni kavu, ila Juni hadi Agosti kuna baridi ya kutosha. Usiku utataka blanketi mbili na asubuhi ukungu unaweza kukaa mpaka saa 4. Januari na Februari pia ni pazuri, na ndiyo nyakati za matunda. Masika, Machi mpaka Mei, njia za udongo zinakuwa sabuni, na kwenye lami mvua kubwa huangusha mawe na udongo kutoka juu. Nikisikia imenyesha usiku kucha, siendi mpaka jua lipige siku nzima.

Nile nini, ninywe nini?

Mombo mpaka Soni beba lita mbili za maji. Vyakula utavipata barabarani: ndizi, mihogo, mahindi ya kuchoma, chapati, chai ya tangawizi. Msimu ukiwa umefika, akina mama wanauza plamsi na mapeasi kwenye mabeseni kando ya barabara. Pale Soni kuna bibi ambaye kila mara hunichagulia mwenyewe. Anaibonyeza kila plamsi kwa kidole gumba, ile laini anaitia kwenye mfuko wa kula sasa, ile ngumu kwenye mfuko wa kufika nayo. Sijawahi kupata tunda baya kwake. Usibishane bei sana kwa tunda la mia mbili.

Nikipata pancha?

Mafundi baiskeli wapo Mombo, Soni na Lushoto, na hodari. Wana beseni la maji, msasa, gundi, na subira. Ila vifaa vyao ni vya baiskeli za kawaida. Tyubu nyembamba ya resi, mnyororo wa gia 11, pedi za diski, hivyo hutavipata, beba vyako. Beba tyubu mbili mpya, na kwa siku ya kushuka weka tyubu isiyo na kiraka gurudumu la mbele. Hilo nimelilipia kwa vidole.

Nifanyeje na watu njiani?

Salimia. Hilo ndilo la kwanza na linatosha kwa mambo mengi. Mkubwa mwamkie shikamoo, hata kama umechoka. Ukisaidiwa, sema "hongea", ndiyo asante ya Kishambaa, na utaona uso unavyofunguka. Watoto watakukimbilia na wengine watashika kariya kusukuma. Wape mkono, cheka nao, usigawe pesa wala pipi, maana kesho watamkimbilia mwingine kwenye kona mbaya. Picha, omba kwanza. Ukipita sokoni au karibu na msikiti na kanisa watu wanapotoka, shuka utembee. Akina dada wanaoendesha wananiuliza kuhusu mavazi: kaptura ya baiskeli haitakuletea ugomvi, lakini kanga ya kujifunga ukisimama kula ni heshima, na usiku inakuwa shuka.

Nikishindwa katikati?

Simamisha Costa au pikapu inayopanda. Baiskeli inafungwa juu, mnaelewana na konda nauli ya mzigo kabla haijapandishwa. Funga mwenyewe kwa kamba yako ya mpira, mnyororo uangalie juu. Ukipanda gari leo, mlima upo kesho.

Haya, nimepanda, nimezunguka Irente na Magamba. Nishuke lini?

Siku ya tatu au ya nne, lami ikiwa kavu, baada ya ukungu kuondoka na kabla malori hayajapakia. Mara nyingi ni kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Kagua breki jioni yake, sio asubuhi. Shuka taratibu mpaka Soni, kunywa chai, halafu anza kipande cha chini ukisimama kila unapoona mahali ulipopumzika wakati wa kupanda. Utavikumbuka vyote. Joto litakupokea usoni kona chache kabla ya Mombo, kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri. Pale njia panda, kabla hujaagiza soda, inama ushike rimu ya mbele kwa kiganja. Ukiweza kuishika bila kuiachia, umeshuka vizuri.